Mkasi Mezani, Mara Mbili

4 Machi

Shikamoo Shangazi,

Tak. Tak. Halafu kimya cha kuvuta pumzi moja, halafu cherehani inaanza.

Nimeisikia Jumanne saa nne asubuhi, nikiwa kazini, hedifoni masikioni na kikombe cha chai mkononi. Unajua mwenyewe ni sauti gani. Ni Baba anagonga meza kwa mkasi, mara mbili, kabla hajaweka mguu kwenye pedeli. Alianza nilipokuwa na miaka minne, baada ya siku ile niliyoingiza kidole kwenye mkanda wa gurudumu na ncha yake ikabaki huko. Tangu hapo hajashona hata upindo wa shati bila kugonga kwanza, ili niondoe vidole. Nikakua, nikaenda shule ya bweni, nikaenda chuo, nikapanda ndege. Yeye akaendelea kumgongea mtoto asiyekuwepo, na nyinyi mkaendelea kuniita Kidole.

Nikukumbushe kazi yangu, maana nasikia umewaambia majirani kwamba mimi ni fundi redio. Kampuni yetu inatengeneza mchezo wa kompyuta. Ndani yake kuna mji wa miaka mia moja ijayo, na mchezaji anatembea humo kwa kubonyeza vitufe. Wenzangu wanachora nyumba, taa na mvua. Mimi naweka sauti: mlango, feni, kiatu kikikanyaga maji. Sauti nyingi hatuzitengenezi. Tunazipata kwa mawakala wanaozunguka dunia wakirekodi watu, na zinatufikia zikiwa na namba.

Hii ilikuwa namba 214. Wakala aliandika hivi: "Karakana. Cherehani ya mguu. Fundi mmoja, mzee." Chini yake bosi wangu aliongeza neno moja, la kunielekeza niitumie kwa kazi gani. Aliandika: "Tishio."

Chai ilimwagika, sikujua hata imemwagikia wapi. Nilirudisha nyuma mara kumi na tisa. Nikadhani ni fundi mwingine, mafundi wako wengi na mikasi iko mingi. Lakini kwenye sekunde ya thelathini na moja kuna mtu anakohoa nyuma, anasema "samahani", halafu anakohoa tena kwa hasira kama vile kikohozi ndicho kilichomkosea. Shangazi, ni wewe.

Nani alikuja kurekodi pale nyumbani? Na mbona hamkuniambia?

Kuna jingine. Baba anashona sekunde tisa, anasimama. Anaanza tena, sekunde sita, anasimama. Baba yule ninayemjua hushona bega zima la koti bila kupumzika. Ana nini?

Usinijibu kwa simu. Kwenye simu unanizidi maneno.

Kidole


15 Machi

Mwanangu Kidole,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni, mboga ikaungua, kwa hiyo siku hiyo tulikula ulichokipika wewe.

Ni kweli alikuja mtu, mwezi wa kwanza. Mama mmoja mtu mzima, mpole, na maiki yake ina manyoya kama paka aliyechomekwa kwenye fimbo. Alipita mtaa mzima. Alimrekodi muuza mkaa akipanga magunia, akarekodi bomba letu linalokohoa, akarekodi na mlango wa msusi. Alipofika kwa baba yako akakaa saa nzima. Alituambia sauti hizi zinakwenda kwenye makampuni makubwa ya filamu na michezo. Mimi nilimuuliza kama paka wake anauma. Hakucheka. Watu wa kazi yenu hamna utani.

Hatukukuambia kwa sababu baba yako alikataza. Alisema, "Muache asikie mwenyewe." Nikamwambia, kaka, dunia ni kubwa kiasi gani mpaka sauti yako ijue njia ya kwenda kwa mwanao? Akanijibu kwamba barua nazo zinafika. Sasa nimemsomea barua yako, ule ukurasa wa kwanza, nikaliruka lile neno la bosi wako. Kidole, baba yako alitoka nje, akasimama barazani bila kiatu kimoja. Aliporudi alisema neno moja tu: "Imefika." Tangu siku hiyo hatulali kwa majigambo. Mtaa mzima unajua cherehani yake iko kwenye mchezo wa dunia. Muuza mkaa ameudhika kwamba magunia yake hayajasikika, anauliza kama unaweza kumsaidia.

Anauliza, imewekwa wapi? Anasema lazima pawe mahali pazuri, duka la mshonaji labda, lenye kioo mbele.

Kuhusu kusimama simama, uzi ulikatika. Uzi wa siku hizi ni kama nywele za mgonjwa. Baba yako mzima kabisa. Siku ya kurekodi alivaa shati jeupe, nilimfunga vifungo mwenyewe, akapendeza kama bwana harusi.

Anakusalimu sana. Angekuandikia mwenyewe ila ana kazi nyingi.

Shangazi yako


28 Machi

Shikamoo Shangazi,

Ukurasa huu usimsomee Baba. Msomee ule wa pili, wenye salamu na habari za hali ya hewa.

Umeuliza imewekwa wapi. Nitakuambia, kwa sababu nikikaa nayo peke yangu nitaumwa.

Katika mji wetu wa kesho mvua haikatiki. Juu kuna minara ya makampuni, yote ya wageni. Chini ya minara kuna Mtaa wa Chini, na huko nako wamejaa wageni, wamerundikana kwenye vyumba vya mashine. Mabango ya mtaa huo yameandikwa kwa herufi za nchi sita zilizovurugwa pamoja. Nilimuuliza mchoraji wa mitaa yanasema nini. Akasema hajui, na kwamba yakisomeka yatapoteza ladha. Wageni wenyewe hawana nyuso. Wamefunikwa vioo vyekundu machoni, na waya zinatoka migongoni mwao kuingia kwenye mashine. Hawasemi. Wanatengeneza vitu tu, usiku na mchana, na kwa sababu yao wenyeji wa mji hawana kazi. Mchezaji ni mwenyeji mmoja aliyefukuzwa. Anashuka Mtaa wa Chini akimtafuta aliyemchukulia maisha yake.

Akikaribia mlango mmoja wa chuma anasikia: tak, tak. Maana yake wamemwona. Ana muda wa pumzi moja kukimbia. Halafu cherehani zinaanza. Ile moja ya Baba tumeizidisha, sasa ni mia nne.

Hapo ndipo ilipowekwa.

Nilimfuata bosi. Nikamuuliza, "Watu hawa wanamiliki minara yote, na bado wanalala chini ya mashine. Inakuwaje wawe mabwana wa mji na watumwa wake kwa wakati mmoja?"

Akasema, "Ukiwa umesimama nje ya geti huoni tofauti."

Nikamuuliza geti gani. Akaniambia. Mama yake alikuwa mshonaji kwenye kiwanda cha nguo. Yeye alikuwa na miaka tisa, ameshika baiskeli yake barabarani, alipoona mashine zikipakiwa kwenye malori. Mama yake alitoka na mkasi na kikombe chake, basi. Hajashona tena. "Zikaenda kwenu," akasema.

"Kwetu wapi?"

Akataja nchi. Shangazi, si yetu. Hata bara si letu. Nikamwambia hivyo. Akaona haya kidogo, akakuna kichwa, akasema, "Lakini unanielewa." Na kibaya ni kwamba nilimwelewa. Nilimwona yule mtoto na baiskeli yake. Nilitamani nimuonee huruma kwa wakati wangu, si pale.

Basi nikawaambia. Mbele ya chumba kizima nikasema, namba 214 ni baba yangu, na anachogonga si tishio, anamwambia mtoto aondoe vidole. Nikaonyesha kidole. Nilitegemea waone aibu. Mchoraji akashika kifua, akasema, "Kumbe ni ya kweli kabisa?" Mwingine akapiga makofi. Bosi akasema tumepata kitu ambacho hakuna mwingine anacho, na kabla ya saa sita mlangoni kwangu kulikuwa na karatasi yenye cheo changu kipya: Msimamizi wa Uhalisia. Nilirudi kwenye kiti changu nikakaa kama mtu aliyesahau kiti ni cha nini.

Tangu hapo sisikii vizuri. Kabla ya Baba nilikuwa nimeshaweka sauti mia mbili na kumi na tatu, na sikuwahi kuuliza hata moja ni ya nani. Namba 88 ni mwanamke anayeita jina la mtu kwa lugha nisiyoijua, mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi. Mimi mwenyewe nilimweka kama king'ora. Bosi hakuniambia. Nilichagua mwenyewe, na nilijipongeza.

Sasa niambie ukweli wa Baba. Uzi haukukatika. Uzi ukikatika gurudumu hukimbia bure, sauti inapanda. Hapa gurudumu linasimama kama lililoshikwa. Na Baba amefungwa vifungo na nani tangu lini?

Kidole


9 Aprili

Mwanangu,

Nilijua vifungo vitanitia matatani. Niliandika, nikasoma tena, nikapita juu yake kama kipofu.

Ni kiharusi. Mwezi wa kumi na moja, asubuhi, alikuwa anapima suruali ya mwalimu. Mkono wa kulia na mguu wa kulia. Mguu unarudi kidogo kidogo, anatembea na fimbo. Mkono bado. Aliniapisha kabla hata hajaweza kusema sawasawa. Neno la kwanza alilotoa halikuwa jina la Mungu wala langu, alisema, "Asiambiwe." Nikaapa. Kwa hiyo leo nimevunja kiapo, na utanibebea nusu ya dhambi.

Yule mama mwenye maiki alipokuja, cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Nikamwambia, dada, hapa hapana sauti. Baba yako akasema ipo. Akaivua shuka kwa mkono wa kushoto. Akavaa shati. Pedeli aliikanyaga kwa mguu mmoja, kitambaa nikakishika mimi upande wa pili, ndiyo maana unatusikia tunasimama simama. Tulishona kitambaa kisicho na mwisho wala mwanzo, mwanangu. Kiko hapa, hakifai hata kufutia meza.

Na kuhusu mkasi. Yule mama alimwambia, mzee, usigonge, anza moja kwa moja, nataka mashine tu. Akarudia mara ya pili na ya tatu. Baba yako akakataa katakata. Alisema, "Binti yangu kazi yake ni sauti. Hii itamfika. Bila mkasi atajuaje ni mimi?" Nilicheka mpaka nikakohoa, ndiyo hicho kikohozi ulichokisikia. Niliona kaka yangu amechanganyikiwa, eti dunia nzima ni posta yake. Sasa nani anacheka.

Kwa hiyo nakuomba, na mimi si mtu wa kuomba. Usimwambie ulichoniandikia. Kila jioni anakaa barazani, na watu wanapita wanamuuliza, fundi, umesikika leo? Anawajibu kwamba wasubiri, mchezo haujatoka. Kwa miezi minne kabla ya hapo hakuna aliyemwita fundi. Unataka aambiwe kwamba wametengeneza jini kwa mkono wake?

Ndani ya bahasha nimeweka nakala ya karatasi aliyotia saini kwa mkono wa kushoto. Sikutaka kuituma. Wewe umesoma, mimi niliishia kwenye nembo. Ila pale chini niliona pamepigwa mstari, nikasoma mara tatu: mwenye sauti anaweza kuiondoa kwa barua yenye saini yake, maadamu kazi iliyoitumia haijatoka.

Nimeiweka tu. Sijasema kitu.

Na huyo bosi wako muulize, mashine za mama yake zilifika kwa nani? Hapa hatukuziona. Kile kiwanda cha barabara ya juu kilifunguliwa ukiwa darasa la tatu, kikamnyang'anya baba yako sare zote za shule, halafu nacho kikafungwa, mashine zikapakiwa malori. Tukaambiwa zimekwenda kwenye nchi yenye watu wanaojua kukaa kimya.

Shangazi


24 Aprili

Baba, shikamoo.

Barua hii imekuja kwa jina lako, si kwa Shangazi. Najua kuhusu mkono. Usimgombeze. Nilikuwa nimeshasikia kwenye ile rekodi, yeye alinithibitishia tu. Siku nilipopata barua yake nilifunga mlango wa choo cha ofisini nikakaa mle mpaka mtu akaja kugonga kuuliza kama nimezimia.

Baba, nimefikiri wiki mbili namna ya kukuambia jambo hili kwa upole, na upole wote ulikuwa uongo. Kwa hiyo naliandika lilivyo. Sauti yako haikuwekwa kwenye duka la mshonaji. Imewekwa mlangoni pa watu wa kutisha. Watu hao wanashona bila nyuso, na wamechorwa hivyo ili watu wa huku wapate wa kumwogopa kwa kazi walizopoteza. Mkasi wako ni dalili kwamba wanakuja.

Jumamosi iliyopita tulifanya majaribio. Waliitwa watu kumi na wawili kuja kucheza mbele yetu, na wafanyakazi waliruhusiwa kuleta jamaa zao. Walikaa mstari mmoja, hedifoni masikioni. Walipofika kwenye ule mlango, wote waliruka. Baba, niliwaona kwa macho yangu. Watu wazima, mabega juu, mmoja akaangusha miwani. Bosi alinikonyeza kwa furaha. Mimi nilihisi kama nimesimama mlangoni pa nyumba yetu naona watu wanakukimbia.

Wote waliruka isipokuwa mmoja. Mwisho wa mstari alikaa mama yake bosi. Ni bibi mwembamba, sweta ya kijivu, na alikuwa amekuja kwa kumridhisha mwanawe. Yeye hakuruka. Alipoisikia aliondoa mikono yake yote miwili kwenye vitufe akaiweka mapajani. Mchezo ukamuua, skrini ikawa nyekundu, yeye hata hakuitazama. Akavua hedifoni, akamgeukia mwanawe, akasema, "Huyu ana mtoto karibu na mashine."

Bosi akacheka. "Mama, hao ndio maadui."

"Sijui ni nani. Nakuambia anachokifanya. Anagonga ili mtoto aondoe vidole. Kwetu kiwandani tulikuwa tunagonga kwa bobini, kile kigurudumu cha uzi, kwa sababu mikasi ilifungwa kwa mnyororo. Wewe mwenyewe nilikugongea, ulikuwa unacheza chini ya meza yangu siku za likizo. Umesahau?"

Bosi alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni mbele ya watu. Nikajua kwamba hajasahau. Nikajua pia kwa nini sauti ile, kati ya mamia, ndiyo aliyoichagua. Ilimgusa mahali asipopajua, na yeye akadhani ni hofu.

Nilingoja aseme neno. Alimsaidia mama yake kuvaa koti, akarudi, akasema, "Tunaiacha. Mmeona walivyoruka."

Baba, karatasi uliyotia saini inasema unaweza kuiondoa kabla mchezo haujatoka. Utatoka mwezi wa sita. Ukiiondoa, majirani hawatakusikia, na wewe ulishawaambia. Shangazi aliniomba nisikuambie, kwa sababu anakupenda. Mimi nimekuambia kwa sababu uliipeleka kwangu. Sitakuchagulia.

Binti yako


6 Mei

Mwanangu,

Naandika kwa kushoto. Siku ya nne leo. Samahani kwa herufi, zinatembea kama kuku.

Barua yako niliisoma peke yangu. Siku moja sikusema na mtu. Shangazi yako akadhani kiharusi kimerudi tena, akataka kuita gari. Nikamwambia si kichwa, ni moyo tu umeshtuka, uache utulie.

Nilimwambia shangazi yako anipe na ule ukurasa alionificha. Nilimfikiria huyo bosi wako, kijana wa baiskeli. Kama angekuwa hapa ningempimia shati. Lakini baba wa mtu hafanywi jini kwa sababu kijana ameumia.

Sikia. Mimi nilimpa yule mama sauti ya cherehani. Ndiyo alikuja kuitafuta. Mkasi sikumpa mtu. Mkasi ni wako.

Nimetia saini. Karatasi iko ndani. Nimemwambia muuza mkaa kwamba sitasikika. Akafurahi, mtu mbaya yule. Mwalimu akauliza kwa nini. Nikasema sauti yangu nimeirudisha nyumbani, ina kazi. Wakacheka, tukacheka.

Huyo bibi alisema kweli. Msalimie. Muulize alipoteza kidole gani. Aliyegonga kwa miaka mingi hivyo lazima kuna kidole.

Baba


19 Mei

Baba, Shangazi, shikamooni.

Shangazi, msomee Baba barua yote, usiruke ukurasa. Hakuna cha kuficha tena.

Alhamisi niliweka karatasi yako mezani kwa bosi. Aliisoma amesimama. Alipofika kwenye saini akakaa. Aliiangalia muda mrefu ile saini iliyopinda, akauliza, "Ni mkono wa kushoto?" Nikasema ndiyo, wa kulia umekufa, hata ulichokisikia kilichanganya mguu mmoja, mkono mmoja na shangazi mmoja.

Akasema, "Mlango ule bila sauti hii hautishi."

"Najua. Ni mlango wa karakana."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliongea polepole, kama mtu mwema, na hicho ndicho kilichonishtua kuliko yote. Alisema sheria ni sheria, namba 214 itaondolewa leo hii. Akaitoa mbele yangu. Halafu akasema, "Nitafutie nyingine basi. Mpaka Jumatatu. Wewe una sikio."

Nikamuuliza, "Ya baba wa nani?"

Akanitazama kama mtu ambaye hajaelewa swali. Labda kweli hakulielewa. Labda mimi mwenyewe, mwezi wa pili, nisingelielewa.

Ijumaa nilikwenda kwa mama yake. Anwani alinipa yeye mwenyewe siku ile ya majaribio, aliiandika nyuma ya tiketi ya basi. Anakaa ghorofa ya pili, chumba na sebule, na dirishani kuna cherehani ya mguu iliyofunikwa. Nikamfikishia salamu zako na swali lako. Alivua kidole cha plastiki cha mkono wa kushoto, kile cha pili kutoka mwisho, akakiweka mezani mbele yangu kama anayenikaribisha sukari. Mimi nikaweka changu kifupi pembeni yake. Tukaviangalia. Halafu akaanza kucheka, Baba, cheko la chini chini linalotikisa sweta, na mimi nikacheka mpaka machozi.

Nilimwambia kila kitu, kuhusu wewe, kuhusu mwanawe, kuhusu mlango. Alisikiliza. Alisema, "Mwanangu alilia siku ile ya malori. Hakulilia mashine. Alilia kwa kuwa sasa nitakuwa nyumbani na sitajua la kufanya. Alikuwa na akili sana alipokuwa mdogo." Kisha akasimama, akafunua cherehani, akapaka mafuta, akaniambia nisogeze kiti. Ana mkasi wake uleule aliotoka nao getini, kipande cha mnyororo bado kinaning'inia. Kabla hajakanyaga pedeli aligonga meza. Tak. Tak. Nilikuwa nimekaa mbali, mikono mfukoni, na bado niliitoa mikono nikaiangalia.

Shangazi, najua unachotaka kuuliza, kwamba nitakula nini na nitalala wapi. Nitakujibu barua ijayo, ukinipa nafasi bila kupiga simu. Mwambie muuza mkaa kwamba nimesikia magunia yake. Ni namba 209. Niliyaweka kwenye bandari ya mchezo wanaposhushwa watu waliofungwa. Aliniudhi miaka yote, na hata yeye hakustahili hilo.

Nimemwandikia wakala nikimuuliza namba 88 ni nani, na anamwita nani. Najua anaweza asijibu. Nimemwandikia pia kuhusu wale wengine, mmoja mmoja, kwa namba zao, maana majina sina.

Jumatatu asubuhi nilifika kazini kabla ya watu. Nilikunja hedifoni, nikaziweka juu ya kibodi ya kompyuta pamoja na ile karatasi ya Msimamizi wa Uhalisia na kadi ya mlango. Nikaandika mstari mmoja wa kuacha kazi, nikausaini kwa mkono wangu wa kidole kifupi, nikatoka nikashuka ngazi.

Uligonga mara mbili, Baba. Nimeshaondoa vidole.

Kidole